Dobi Niliyemwandikisha Langoni

Nianze na lililo baya ili lisije likanikwama kooni baadaye: mtu huyu nilimwonea wivu. Haukuwa wivu wa mali, maana hakuwa nayo, wala wa sura, maana kwa sura nilimzidi na wenye macho walikubali. Nilimwonea wivu kwa sababu watu walimsikiliza. Akifungua mdomo, hata kama ni kuomba chumvi tu, watu waligeuka. Mimi nikifungua mdomo, watu walikumbuka kazi zao.

Alikuwa dobi wa hoteli moja kule Diani, nami nilikuwa askari wa langoni wa hoteli hiyo hiyo. Jina lake silitaji. Wanaomjua wanamjua, na mimi nimechoka kulisikia. Tulimwita Dobi sote, kuanzia meneja mpaka waosha vyombo, nami nitamwita hivyo hapa.

Alinizidi miaka mitatu, na kwetu sisi miaka mitatu inatosha. Kila asubuhi alipopita langoni ilinibidi nimwamkie. "Shikamoo," nikasema, naye akajibu, "Marahaba, sheikh yangu," polepole, akiivuta ile marahaba kama mtu anayeonja mchuzi. Nilikuwa na kofia ya askari, kirungu, na filimbi ya kuning'iniza shingoni. Yeye alikuwa na mfuko wa plastiki wenye chapati mbili. Lakini kwenye salamu ile mimi ndiye niliyekuwa chini, kila siku ya Mungu, na nilihisi anaifurahia. Sasa sina hakika kama aliifurahia. Wakati ule nilikuwa na hakika.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono iliyojaa alama za pasi kuanzia kiwiko mpaka kidoleni. Mashati yake mwenyewe yalikuwa yamepauka, ila yamenyooka hata ukaogopa kumgusa. Harusi ikitokea, au msiba, wafanyakazi wote walimpelekea nguo zao, naye alizipiga pasi bila malipo baada ya kumaliza mashuka ya wageni. Nilimpelekea suruali yangu siku nilipokuwa naenda kumwoza mdogo wangu. Kufika harusini, mzee mmoja akanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini, akasema, "Mashaallah, hii ni pasi ya Dobi." Suruali ilikuwa yangu, miguu ilikuwa yangu, na sifa zikaenda kwake!

Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya jiko, kina joto la kumtoa mtu roho, na bado saa ya chakula watu walijazana humo. Sikuelewa kwa nini. Pale langoni kwangu palikuwa na kivuli, upepo, hata benchi. Siku moja nilimwachia mwenzangu lango nikaenda kuchungulia. Nilimkuta anakunja taulo, na watu wamekaa juu ya marobota ya mashuka wakizungumza mambo yale yale ambayo kila mfanyakazi wa hoteli huyanung'unikia kimoyomoyo. Kwa nini kijana aliyeletwa jana kutoka Ulaya anapewa nyumba na gari, na aliyemfundisha kazi, mwanamke wa Ukunda, anarudi kwake kwa miguu. Kwa nini wageni wanaambiwa wasitoke nje ya ukuta, kana kwamba nje ya ukuta si kwetu. Kwa nini ngoma ya kukaribisha wageni inapigwa basi la wazungu likifika, na likifika basi la walimu kutoka Machakos wapigaji wanabaki wamekaa.

Yeye hakuwa na hotuba. Alikuwa na neno lake moja, "Hebu nieleweshe." Alilisema kwa upole, kama mtu mgumu wa kufahamu, na ndipo ulipojua umekwisha. Alikuwepo mhudumu kijana kutoka Nairobi, tukimwita Brayo. Akamwambia, "Mzee, hiyo ni sistimu tu. Mwenye doo ndiye anaheshimiwa, si mambo ya rangi."

"Hebu nieleweshe, mwanangu," akasema Dobi. "Yule daktari mweusi wa chumba cha pili amelipa sawa na Mjerumani wa chumba cha tatu. Jana wote wawili wamekaa baa. Ni nani uliyemhudumia kwanza?"

Brayo akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mjerumani," akasema.

"Na ni nani aliyefika kwanza?"

Dobi hakumsukuma. Alimpa ncha mbili za shuka amsaidie kukunja, wakakunja, basi. Mimi ningekuwa nimeshika jambo hilo ningelikamua mpaka tone la mwisho. Lakini kuanzia siku ile Brayo alikuwa akihudumu kwa zamu ya kufika, na alipopata mtoto alikwenda kumwonyesha Dobi kabla hajawaonyesha wazazi wake.

Zamu yangu mimi ilikuja siku ya mapumziko ya Dobi. Pale langoni tulikuwa na daftari. Kila anayeingia sharti aandike jina, namba ya kitambulisho na anamwona nani. Kila anayeingia, yaani kila mtu mweusi. Agizo hilo halikuwa limeandikwa popote, na hakuna aliyewahi kuniambia kwa mdomo. Nililikuta likifanyika, nikalishika, na nikalifanya vizuri kuliko walionitangulia.

Dobi akaja alasiri amevaa kanzu nyeupe, kofia ya vito, na viatu vimepigwa rangi. Nikamwamkia. Akaniambia amekuja kunywa chai kama mgeni na pesa anayo.

"Sawa," nikasema, "andika hapa." Nakiri kwamba niliona raha. Nikamsogezea daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Akaandika taratibu, jina la kwanza, la baba, la babu, na namba ya kitambulisho. Alipokuwa anaandika akapita mzungu mmoja kutoka barabarani, kifua wazi, kaptura inachuruzika maji. Nikampigia saluti, nikafungua kizuizi, akapita.

"Yule anaitwa nani?" Dobi akaniuliza.

"Simjui."

"Amefikia hapa?"

"Huenda. Au ni wa hoteli ya jirani."

"Na mimi unanijua?"

"Dobi, acha mzaha. Miaka yote hii?"

"Hebu nieleweshe, sheikh yangu," akasema, akinirudishia kalamu. "Unayemjua umemwandikisha. Usiyemjua umempigia saluti."

Kisha akaingia akanywa chai yake. Sikulala vizuri wiki nzima, na si kwa kujuta. Nilikuwa na hasira kwamba maneno yale, mepesi vile, yalikuwa yamekaa pale langoni miaka mingi nikiyakanyaga, na sikuyaokota mimi. Baada ya mwezi nikaanza kuwaandikisha wazungu pia. Meneja akaniita, nikamwambia ni usalama wa wote. Nilitishiwa kufukuzwa, nikasimama imara, na wafanyakazi walipopata habari wakasema, "Dobi amembadilisha yule!" Walimpongeza yeye, na barua ya onyo ikaja kwangu.

Kulikuwa na maandamano pia. Katikati ya ukuta wetu na ukuta wa hoteli ya pili palikuwa na njia ya watu kuteremka pwani, njia ya tangu enzi za mababu, kina mama wakipita na vikapu maji yakipwa kwenda kutafuta pweza mwambani. Hoteli mbili zikakubaliana zikaweka geti na mnyororo. Vijana wa haki za binadamu wakaja kutoka Mombasa na fulana za rangi moja, na mimi, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, nikajitosa. Nilishika bango mbele kabisa na nikaimba mpaka sauti ikakauka. Dobi hakuandamana, alikuwa na mashuka. Lakini mwandishi wa habari aliyekuja aliomba maji ya kunywa, akaelekezwa chumba cha Dobi, akakaa huko saa nzima. Gazeti lilipotoka, nusu ukurasa ulikuwa maneno ya Dobi. Kwenye picha ya maandamano palionekana bango langu, na mkono wangu mpaka kwenye kiwiko.

Hata kwenye kikao cha mwisho, wakubwa walipokubali kufungua njia, nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa tatu. Nikafika ukurasa wa pili, ikaadhiniwa alasiri. Tuliporudi kutoka kuswali, mwenyekiti wa kikao akasema tumsikilize kwanza Dobi kwa kifupi. Akaeleza jinsi bibi mmoja alivyozunguka njia ndefu na kikapu chake, maji yakajaa kabla hajafika mwambani, akarudi mikono mitupu. Watu wakalia. Ukurasa wangu wa tatu ninao mpaka leo.

Sasa nifike penye kidonda. Bibi yule wa kikapu alikuwa mama yangu.

Siku ile, kabla ya maandamano, alikuja na binti yangu Mejumaa, wakati huo ana miaka tisa. Walipita langoni kunisalimu, wakaniomba niwafungulie geti la njia, maana funguo za mnyororo zilikaa mfukoni mwangu. Nikawaambia haiwezekani, kazi ni kazi. Mama akajitwika kikapu chake upya. Mejumaa alitazama mfuko wangu, akanitazama usoni, akatazama mfuko tena. Dobi alikuwa anaanika mapazia karibu na ukuta. Akayaacha, akamtua mama yangu kikapu, akakibeba yeye, wakazunguka wote watatu kule mbali kwenye hoteli ya mwisho. Alikatwa mshahara wa nusu siku. Niliyekuwa na funguo ni mimi, na aliyetembea nao ni yeye, na mtoto wa miaka tisa hasahau kitu.

Mejumaa alikua, akasoma, na siku hizi anafanya kazi ya kuwasaidia watu wa Kwale wenye kesi za ardhi. Anaitwa kwenye mikutano Msambweni, Shimoni, hata Lunga Lunga. Mara zote anaanza hivi: "Mtu aliyenifundisha kuuliza alikuwa dobi." Nimekaa viti vya mbele katika mikutano hiyo nikipiga makofi na meno nimeyauma. Sikutaka mengi. Nilitaka siku moja, mbele za watu, aseme, "Baba yangu."

Msinielewe vibaya, Dobi alikuwa na kasoro zake. Mimi ndiye mtunzaji wa kasoro zake, nikizipanga moja moja kama mwenye duka. Alikuwa na rafiki, kizee wa Kijerumani aliyekuja kila mwaka na kumwita "kijana wangu," na Dobi ana mvi. Sisi tukinung'unika, yeye anatabasamu, kwa sababu Mjerumani yule alimletea miwani. Kulikuwa na mama wa usafi kutoka Kitui ambaye kwa miaka Dobi alimwita "wee Mkamba," mpaka siku yule mama alipoweka ndoo chini akamwambia, "Mimi nina jina, mzee." Dobi akamwomba radhi mbele ya watu wote, na kuanzia siku hiyo akamwita Mama Ndinda. Huo ndio ulikuwa ubaya wake kwangu. Hata kasoro zake zilimwongezea heshima.

Kasoro kubwa niliingojea sana, na ilikuja kupitia kwa Mejumaa mwenyewe.

Alipata mchumba, fundi wa umeme, kijana mwenye adabu na swala tano, jina lake Rajabu. Ila ni Mmakonde. Babu yake alitoka Msumbiji kuja kulima miwa Ramisi, na ukoo mzima ulikaa miaka na miaka bila vitambulisho, watu wakiwacheka kwa chale za wazee wao na kuwasingizia kwamba wanakula kila kitu. Tumezika nao, tumeswali nao, lakini kuoana nao ilikuwa habari nyingine. Wengi wetu tulisema hivyo majumbani, sauti chini.

Jioni moja Mejumaa akaja nyumbani, macho mekundu. Akanikalia karibu. Neno la kwanza alilosema lilikuwa hili: "Baba, leo nimemwona Dobi. Nimemweleza jambo langu, akasita."

"Akasita nini?" nikauliza upesi.

"Nimemwambia nataka kuolewa na Rajabu. Akasema, 'Lakini mwanangu, Mmakonde?'"

Kwanza niliumia kwamba alikwenda kwake kabla ya kuja kwangu. Kisha raha ikanipanda kuanzia miguuni. Miaka yote ile ya "hebu nieleweshe," na leo amejikwaa! Sikuuliza mahari wala kazi ya Rajabu. Nilisimama nikasema kwa sauti ya kuwafikia watu wa mbali, "Mimi ni baba yako na mimi ndiye walii wako. Mwambie Rajabu alete wazee wake Ijumaa."

Mama yake Mejumaa alinitazama kama amemwona jini.

Ndoa ikafungwa. Ndugu zangu wawili hawakuhudhuria, sikujali. Kuanzia hapo mambo yangu yalininyookea. Watu walianza kunitaja kuwa ni mzee aliyemwoza binti yake kwa Mmakonde bila kutia neno. Nikaitwa mikutanoni nieleze ilikuwaje, na nikaeleza. Nilisema juu ya utu, juu ya damu kuwa moja, na watu wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mejumaa alikaa nyuma akisikiliza. Dobi naye, mnajua alifanya nini? Alikwenda kwa wazee wa Rajabu peke yake, akawaambia alivyotamka, akawaomba msamaha. Wakamchinjia kuku. Siku hizi wanampelekea muhogo kila wakivuna. Lakini hilo halikunisumbua sana, maana safari hii, ya kwanza katika maisha yetu, nilikuwa nimemtangulia mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona kwake Msambweni. Amechoka sana. Miguu imevimba kwa miaka ya kusimama mbele ya pasi, na kifua kinambana. Nilimkuta amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, shati limenyooka vile vile. Nikampa shikamoo, akaitikia. Mejumaa alikuwa ndani akimfulia. Humfulia kila Ijumaa. Hilo nililijua kabla sijaja, na ndilo lililonifanya nije siku ya Ijumaa.

Nilikuwa na haja moja. Nilitaka akubali kwa kinywa chake. Tukazungumza habari za hali ya hewa, za marehemu, kisha nikalitia, "Dobi, lile la ndoa ya Mejumaa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulinishinda, sheikh yangu. Nililisema jambo la aibu, na wewe ukasimama. Nimewaambia watu wengi hivyo."

Akalitoa hivyo hivyo, bure, kama anayekupa glasi ya maji. Nilikuwa nimejiandaa kulipigania. Nikakaa na ushindi wangu mkononi sijui niuweke wapi, na nadhani ni huko kukosa pa kuuweka kulikonifanya niseme.

"Sikusimama," nikamwambia. "Nilikubali kwa sababu wewe ulisita. Ungekubali wewe, Wallahi sijui ningesema nini. Nilitaka kukuzidi tu. Hayo ya utu na damu nimeyaongeza baadaye mikutanoni."

Dobi akageuza kichwa, hakunitazama mimi. Alitazama mlangoni. Mejumaa alikuwa amesimama pale, mikono ina povu mpaka viwikoni, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyesikia tangu mwanzo. Nikatamani ardhi inimeze. Lile jambo moja nililokuwa nalo, la pekee, nilikuwa nimelivunja mwenyewe mbele ya mtu mmoja niliyelitunza kwa ajili yake.

"Baba," akasema, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile nilitoka kwa Mzee Dobi nalia njia nzima. Nilipofika njia panda nikaacha kulia. Nikajiambia, nikimwendea baba na jina la Rajabu, atasema ngoja nifikirie, na atafikiria mpaka leo. Nikaona heri nikujie na jina la Dobi, tena kwanza, kabla ya jambo lenyewe." Akafuta povu kwenye leso. "Na hukuchukua hata dakika."

"Kwa hiyo uliponisikia mikutanoni…"

"Nilikaa nyuma, nikicheka. Lakini Baba, ndugu zako walipokataa kuja, uliendelea. Hilo sikulipanga mimi."

Dobi alianza kucheka taratibu, mabega yakitikisika, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikageuka kikohozi kibaya kilichomkunja kwenye kiti. Mejumaa akamkimbilia. Akamshika bega kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamsugua mgongo, polepole, akimwambia, "Pole, baba, pole, vuta pumzi."

Nikautazama ule mkono wake unavyopanda na kushuka mgongoni kwa yule mzee. Nami, na umri wangu huu, na wajukuu wangu watatu, nikajikuta nimeanza kukohoa.